Shashi Isiyoganda

Kiwandani walikuwa wamemsahau jina. Walimwita Zambarau, kwa sababu ya mtambo aliouendesha. Wenzake walishinda kwenye makelele ya mashine za kufumia, au kwenye mvuke na madimbwi ya idara ya rangi. Yeye alikuwa na chumba chake kikavu, kisafi, na sanduku la chuma lenye ukubwa wa lori dogo. Jora la kitambaa liliingia upande mmoja, likapita polepole kati ya sahani mbili ndefu, likatokea upande wa pili. Mle ndani pampu zilinyonya hewa karibu yote, ikabaki gesi kidogo, na gesi hiyo ilichapwa umeme mpaka ikawaka. Ukichungulia kwenye kidirisha cha kioo uliona mwanga wa zambarau ukitetemeka juu ya kitambaa, bila kukiunguza, bila moshi. Gesi hiyo inayowaka ndiyo mafundi waliyoiita plazma.

Kwa macho, kitambaa kilitoka kama kilivyoingia. Tofauti uliiona ukikidondoshea maji. Gesi ya namna moja ilikifanya kitambaa kikaidi kinywe rangi kama mwenye kiu. Ya namna nyingine ilikifanya kikatae maji kabisa, tone likabaki juu yake limejikunja kama ushanga. Makoti ya mvua yalipita hapo.

Mumewe alikuwa fundi wa boila, ng'ambo ya ua. Naye walimwita Mvuke. Saa sita mchana walikutana kwenye ngazi za nyuma, wakala chakula walichobeba nyumbani, na hapo utani ukaanza.

"Na wewe hiyo nayo kazi, mke wangu? Kuangalia taa!" Mvuke alimwambia. "Mimi nachemsha maji ya kiwanda kizima. Wewe unakausha vitambaa vikavu."

"Cheka tu. Huu mtambo wangu hauli maji wala kuni. Siku wakihamishia kazi yote kwangu, nitakuajiri unishikie kiti."

"Nitakishika," alisema Mvuke, "ila mshahara wangu utanilipa kwa kunikuna mgongo."

Walikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa, bila mtoto, na maneno ya watu kuhusu jambo hilo walikwishayazoea mpaka yakaisha ladha.

Jumatatu moja asubuhi kiungo cha bomba la mvuke kilipasuka katika idara ya rangi. Watu walikimbia wakitoka, isipokuwa wanawake wawili waliobanwa pembeni, ukuta nyuma yao na mvuke mbele yao. Mvuke alikuwa mlangoni. Koki ya kufungia ilikuwa upande wa ndani. Aliingia akitambaa, akaifunga, wale wanawake wakatoka salama. Yeye hakutoka kwa miguu yake. Alikuwa ameungua mgongo, na kutoka kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Zambarau alimkuta ameshalazwa kwenye gari la wagonjwa, kifudifudi. Mumewe akafungua jicho moja.

"Usinicheke," alisema. "Mvuke kachomwa na mvuke."

Hakucheka. Alimshika kidole gumba cha mkono, mahali pazima palipokuwa karibu, wakaenda hivyo mpaka hospitali.

Hospitali walimkuta wifi yake, dada mkubwa wa Mvuke, ameshafika. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha, na ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya wazazi wao kufa. Kwa hiyo alikuwa wifi na mama mkwe kwa pamoja, na madaraka yote mawili aliyatumia sawasawa. Tangu siku hiyo waligawana zamu za kukaa kando ya kitanda: wifi asubuhi, Zambarau baada ya zamu. Siku za kubadilisha bandeji walikuwepo wote wawili.

Bandeji zilibadilishwa kila baada ya siku mbili. Muuguzi wa wodi, mama mnene mwenye mikono myepesi, alimwagia maji ya chumvi juu ya shashi, kile kitambaa chepesi kilichofunika kidonda, ili ilainike, akangoja, akaanza kuibandua kwa kibano. Haikubanduka, ilichanika. Mvuke aliuma taulo. Mwanamume ambaye Zambarau hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika rafiki yake wa chanda na pete, alimwita dada yake kwa sauti ya mtoto. Wifi alimshika kichwa. Zambarau alibaki miguuni, ndiyo maana aliona kilichoangukia kwenye beseni. Kila kipande cha shashi kilitoka kimebeba ngozi changa, nyembamba kama ganda la kitunguu, ileile ngozi waliyokuwa wakiingoja iote.

"Sista, kwa nini inaganda hivi?" aliuliza walipotoka koridoni.

"Ni pamba, mama. Pamba inakunywa. Inakunywa maji ya kidonda, inakauka nayo, inashika. Zipo bandeji zisizoganda, lakini hapa hatujaziona tangu mwaka jana."

Inakunywa. Neno hilo lilimkaa rohoni njia nzima mpaka nyumbani. Kazi yake ilikuwa nini, kama si kukiambia kitambaa kinywe au kisinywe?

Mfa maji haachi kutapatapa. Kesho yake alinunua mkunjo wa shashi dukani, akafika kazini kabla ya wenzake, akaiunganisha kwenye mkia wa jora la makoti ya mvua, akaipitisha. Aliidondoshea tone la maji. Likakaa juu likimtazama. Alasiri alifika wodini na kifurushi chake kifuani kama aliyebeba yai.

Muuguzi alikipindua kile kitambaa mara mbili. "Umekipitisha wapi?"

"Kiwandani. Kwenye mtambo wangu."

"Kwa dawa gani?"

"Ya makoti ya mvua."

Muuguzi alimvuta kando. Hakumpandishia sauti, na hilo lilimuuma zaidi. "Mama, mumeo hana ngozi. Nikimwekea kitu pale, ni kama nimekitia kwenye damu yake. Wewe unakijua kilichomo kwenye hiyo dawa?"

Zambarau alijua namba ya mtungi wa gesi na rangi ya mfuniko wake. Kilichomo hakukijua.

Alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Alimtukana yule muuguzi kimoyomoyo matusi ambayo hakujua kama anayajua. Lakini asubuhi hasira ilikuwa imepoa na aibu imebaki, akaenda nayo mpaka kwa injinia wa kiwanda.

Injinia huyo, mzee wa miwani mizito, walimwita Kipimo. Rula haikutoka mfukoni mwake, na ilisemekana kwamba hata mkewe alimpima kabla ya kumposa. Zambarau alimweleza yote, kuanzia beseni mpaka jora la makoti. Kipimo alipangapanga karatasi zake mezani mpaka Zambarau akadhani amefukuzwa kazi.

"Kwanza, mtambo ule si jiko lako," alisema mwishowe. "Pili, ile dawa si ya kuweka kwenye kidonda. Mshukuru sana huyo muuguzi." Alivua miwani, akaifuta. "Tatu, wazo lako si la kijinga. Ipo dawa nyingine, ya jamii ya silikoni. Nayo si kwamba tunaijua. Tutaijaribu kwanza. Kesho fika saa moja kabla ya zamu."

Wakaanza. Shashi ya kwanza ilikataa maji pande zote mbili, maana yake usaha ungekosa pa kwenda. Ya pili ilitoka ngumu kama karatasi. Walipunguza umeme, wakaongeza mwendo wa jora, wakabadili mtungi, wakafunika upande mmoja. Kila walipokosea, Kipimo aliandika kosa lile kwa herufi nzuri kana kwamba ni hati ya ndoa. Shashi ya kumi na moja ndiyo iliyotii: upande wa chini haukunywa wala kushika, na majimaji yalipenya kwenye matundu yake madogo mpaka upande wa juu, uliokunywa kama pamba ya kawaida. Walipaka ute wa yai juu ya kipande cha ngozi ya kiatu, wakalaza juu yake shashi ya duka na shashi yao, wakaziacha zikauke mpaka kesho yake. Ya duka ilichanika. Ya kwao Zambarau aliiinua kwa kidole kimoja.

Alidhani safari imefika. Kumbe ndio kwanza ilikuwa inaanza. Daktari wa vidonda, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi, alizipokea zile shashi na karatasi za Kipimo, akazisoma zote akiwa amesimama.

"Nitazipeleka maabara," alisema. "Waangalie kama zinadhuru chembe hai, na kama zinastahimili joto la kuua vijidudu. Kisha kamati ya hospitali ikae. Wiki tano, labda sita."

"Daktari, mume wangu anabanduliwa ngozi kila baada ya siku mbili."

"Najua, mama. Mimi ndiye ninayeandika abanduliwe." Alizikunja zile karatasi. "Siwezi kumfunga mtu kitambaa nisichokijua, hata akinipigia magoti mwenyewe."

Wiki tano zina bandeji kumi na saba. Zambarau alizihesabu zote. Alijikaza kisabuni, akasimama miguuni kila mara, macho kwenye beseni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alijua wazi kwamba kusimama pale si kulala pale. Mvuke alipungua mpaka mashavu yakaingia ndani, lakini baada ya kila bandeji, sauti ikimrudia, alimuuliza mkewe, "Vipi, lile joho langu la kifalme limefikia wapi?"

"Liko kwa fundi. Wanalitia vifungo."

"Waambie wasilibane kiunoni. Nimenenepa."

Wiki ya nne ya kungoja, homa ilianza. Ilipanda jioni, ikashuka asubuhi, ikapanda tena mapema zaidi. Daktari alichukua vipimo vya kidonda, kisha vya damu, akabadilisha dawa, akaibadilisha tena. Alipoulizwa alisema, "Tunapambana nayo." Zambarau hakuuliza zaidi. Alijua mtu anavyojibu asipotaka kujibu.

Ruhusa ilitoka mwanzoni mwa wiki ya sita. Daktari alikuja na karatasi, akaeleza kwa lugha nyepesi kwamba Mvuke atakuwa mgonjwa wa kwanza, kwamba anaweza kukataa, na kwamba akikataa hakuna atakayemchukia. Wifi alikuwa amesimama dirishani. Aliichukua ile shashi, akaivuta, akaipima kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Nimeshona miaka thelathini," alisema. "Kitambaa kisichonyonya ni plastiki tu, kipewe jina lolote. Ndugu yangu si jora la kitambaa mkampitishe kwenye mitambo yenu."

"Dada," Mvuke alisema, "lete hiyo kalamu."

"Utakubali kila atakachokwambia huyu?"

"Miaka kumi na tisa nimekubali. Nianze kukataa leo, na hali hii?"

Alitia sahihi. Wifi aliiweka shashi kitandani, akachukua mkoba wake, akatoka. Tangu siku hiyo aliingia wodini asubuhi tu. Saa ya bandeji alikaa nje kwenye benchi, amegeuzia wodi kisogo.

Walimfunga. Siku mbili baadaye muuguzi alikuja kufungua, na kila kitu kilikuwa tayari kama kawaida: maji ya chumvi, beseni, taulo. Mvuke aliuma taulo, akafumba macho. Muuguzi alishika pembe ya shashi kwa kibano, akainua. Ikafuata. Ilikuja yote, bila mlio, kama mtu anayefunua ukurasa wa kitabu. Zambarau alitazama ndani ya beseni. Shashi ilikuwa na usaha na madoa ya damu. Ngozi haikuwamo.

Mvuke alingoja, akachoka, akatoa taulo mdomoni. "Sista, unangoja nini? Anza basi."

"Nimeshamaliza mguu wa kulia, baba."

Mvuke aliliweka taulo kando. Halafu akaanza kuongea. Aliongea muda wote walipokuwa wanaosha na kufunga mguu wa kushoto, kisha mgongo. Alimuuliza muuguzi kama ameolewa. Alisimulia jinsi Kipimo alivyopima boila akasahau rula ndani. Tangu aungue hakuwahi kuanza hadithi akaimaliza. Siku ile alimaliza tatu. Muuguzi alipotoka na beseni, Zambarau alimfuata koridoni, akainamia bega lake, akalia machozi ya siku zote zile.

Bandeji tano zilipita hivyo. Lakini la kuvunda halina ubani. Vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu, na figo zikaanza kuchoka. Siku ya kumi na mbili baada ya ile ruhusa, saa kumi alasiri, Mvuke aliomba maji, akanywa funda moja, akasema hayana baridi. Mkewe akaenda kumtafutia ya baridi. Aliporudi na gilasi, daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono mfukoni.

Msibani wifi alisema mbele ya watu. Hakupayuka, alisema kwa ile sauti yake ya kuamrisha. "Alikuwa anaongea. Alikuwa anacheka. Mkamvisha kitambaa chenu, hakumaliza wiki mbili. Mmemfanyia majaribio ndugu yangu kama tambara."

Watu waliinamisha vichwa. Zambarau alikuwa na jibu, lakini hakuwa na uhakika nalo.

Wiki iliyofuata alirudi kwa daktari wa vidonda, akamtaka amwambie ukweli bila kumbembeleza. Daktari alifungua jalada, akamwonyesha tarehe. Vijidudu vilevile vilikuwa kwenye kidonda wiki ya nne, na kwenye damu siku tisa kabla shashi haijamgusa. Zambarau alisoma tarehe hizo mara tatu. Kichwa chake kilikubali. Usiku wa moyo wake haukusoma majalada. Angemfunga ile shashi ya makoti ya mvua, angemuua kwa mkono wake. Alifuata njia iliyonyooka, na njia hiyo ikampitisha mumewe kwenye bandeji kumi na saba. Alijaribu kujutia moja kati ya hayo mawili akashindwa kuchagua, akawa anayajutia yote kwa zamu.

Kazini Kipimo alitaka kumhamishia ghalani, apumzike. "Nikapumzike nifikirie nini, mzee?" alijibu. Akarudi mbele ya sanduku lake. Hospitali ilikuwa imeomba shashi zaidi, na kiwanda kilikubali kuutoa mtambo kila Alhamisi. Wagonjwa wawili walifungwa, kisha sita. Mmoja, fundi wa kuchomelea, aliruhusiwa kwenda kwao akitembea. Muuguzi alimletea habari hiyo akidhani itamfariji. Zambarau alimshukuru, akaenda kujifungia chooni.

Miezi mitatu ilipita. Alhamisi moja mlinzi wa getini alikuja kumwambia kuna mgeni. Alikuwa wifi, amepungua, mkoba ule ule begani.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Hakukaa. "Nimekuja kuona huo mtambo."

Zambarau alimwonyesha. Wifi alichungulia kidirishani kwa muda mrefu, mwanga wa zambarau ukimpapasa uso, kisha akaishika shashi iliyokuwa ikitoka, akaigeuza, akaipima kwa vidole vyake viwili.

"Zile siku nilizokaa nje," alisema, "alikuwa analia?"

"Hapana, wifi."

"Usinidanganye. Nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Hakulia hata mara moja. Alikuwa anaongea. Mara ya pili alikusema wewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisema mwaka alioanza shule hamkuwa na kitu, ukamshonea suruali kwa pazia la dirisha, lenye maua mekundu. Mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Watoto wakamcheka, ukaenda mpaka darasani ukawaambia hiyo ndiyo mitindo ya mjini. Alicheka sana. Sista ilibidi amwambie atulie."

Wifi alitafuta pa kujishikiza, akapata ukingo wa meza.

"Haikuwa pazia," alisema. "Ilikuwa gauni la mama. La mwisho kubaki. Nilimwambia pazia ili asije akakataa kuivaa." Alifuta uso kwa kiganja, na machozi yakaja mengine. "Nilikuwa nimwambie akishakuwa mtu mzima. Siku zikapita tu. Nikasema nitamwambia akitoka hospitali."

Zambarau alimkumbatia. Mifupa ya mgongo wa wifi yake ilihesabika. Walilia wamesimama, na mtambo ukaendelea kuvuta jora lake mpaka likaisha, kengele ikalia, na Zambarau ikambidi amwachie aende kuweka jingine.

Wifi hakuomba radhi, na Zambarau hakuidai. Alipogeuka alimkuta ameshajifuta, amenyoosha nguo yake, mkoba umerudi begani.

"Zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Saa tisa. Bado saa mbili na nusu, wifi. Utachoka."

"Nitangoja," alisema, akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni, mkoba mapajani.